Idara Nyingi, Swali Moja: Tathmini ya Nguvu za Utafiti katika Nchi ya Abagusii

1. Utangulizi

Imekuwa desturi ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kueleza nguvu zake za utafiti kwa kuhesabu idara. Kila idara huorodhesha wahadhiri wake, shahada walizo nazo na maeneo wanayoyachunguza. Kisha orodha hizo huunganishwa na kutolewa kama sura ya chuo kizima. Kwa mtawala wa chuo njia hii ina manufaa, maana humwonyesha nani ameajiriwa wapi. Kama kipimo cha taaluma, hata hivyo, ina upungufu mkubwa. Haionyeshi ni swali gani linaloulizwa, linaulizwa kwa lugha gani, wala jibu lake linamfikia nani.

Makala haya yanaichunguza desturi hiyo kwa kutumia mfano wa Chuo Kikuu cha Kisii na utafiti ambao kwa zaidi ya nusu karne umefanywa juu ya Abagusii wa Kisii na Nyamira. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu za chuo kama hiki hupatikana pale ambapo swali moja linazilazimisha idara kadhaa kufanya kazi pamoja, na kwamba katika nchi ya Abagusii maswali ya namna hiyo karibu yote hupitia katika lugha. Kwa hiyo idara ya lugha, ambayo katika orodha huwekwa kama moja kati ya nyingi, ina kazi ambayo orodha haiwezi kuionyesha.

2. Chuo na Mahali Pake

Chuo hiki kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha kufunza walimu wa shule za msingi, juu ya ardhi ya ekari 61 iliyotolewa na Baraza la Wilaya ya Gusii. Mwaka 1983 kilipandishwa kikawa chuo cha walimu wa shule za sekondari. Mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mambo mawili katika historia hii yafaa kukumbukwa. Kwanza, chuo kilisimama juu ya ardhi ya wenyeji kabla ya kuwa na idara hata moja ya utafiti. Pili, kwa karibu miaka 30 kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu, yaani watu ambao kila siku walikabiliwa na tofauti kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya darasani.

Kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa na zaidi ya watu 1,800,000 katika hesabu ya mwaka 2019. Wengi wao huzungumza Ekegusii, lugha ya Kibantu iliyozungukwa kwa sehemu kubwa na lugha zisizo za Kibantu: Kijaluo, Kikipsigis na Kimaasai. Ndugu yake wa karibu ni Kikuria, kinachovuka mpaka hadi Tanzania. Si rahisi kupata chuo kikuu cha umma nchini Kenya chenye jamii ya lugha moja iliyosongamana namna hii milangoni mwake.

3. Waliotangulia

Kabla chuo hakijawa na hati yake, Abagusii walikuwa tayari miongoni mwa jamii zilizochunguzwa sana Afrika Mashariki. Philip Mayer aliandika juu ya koo na mahari yao katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Robert na Barbara LeVine walifanya utafiti wao kuanzia mwaka 1955, na mwaka 1966 wakachapisha kitabu juu ya jamii waliyoiita Nyansongo, jina la kubuni. William Ochieng' alitoa historia ya Abagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974. Robert Maxon alifuata mwaka 1989 na historia ya Abagusii chini ya Waingereza. Mwaka 2006 Maxon, mwanahistoria, alishirikiana na John Akama, mtaalamu wa utalii ambaye baadaye alikuwa makamu wa chansela wa Kisii, kuhariri kitabu juu ya utamaduni wa Abagusii wanaouona kuwa unatoweka.

Kwa upande wa lugha, W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wa nyakati za kitenzi cha Ekegusii mwaka 1960. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kazi yake katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya kukua kwa Kiswahili kama lugha ya taifa. Yafaa izingatiwe kwamba mtu yuleyule alizishughulikia lugha zote mbili. Mgawanyo wa siku hizi, ambapo mwalimu wa Kiswahili huiachia isimu lugha za kienyeji, haukuwa wake. Mwaka 2002 Jelle Cammenga alitoa maelezo marefu ya fonolojia na mofolojia ya Ekegusii, nayo yakachapishwa Köln.

Orodha hii ni ya heshima. Inaonyesha pia kwamba kwa muda mrefu maarifa juu ya Abagusii yaliwekwa mbali nao: Ulaya, Marekani, na katika miji mikuu ya Afrika Mashariki. Chuo kilichoko Kisii kinapojitangaza kuwa na nguvu ya utafiti, swali la kwanza ni je, kina nini ambacho wale waliotangulia hawakuweza kuwa nacho?

4. Omoreri na Mlezi

Mfano bora wa utafiti uliovuka mipaka ya idara katika nchi hii ni ule wa malezi ya watoto wachanga, uliofanywa kati ya mwaka 1974 na 1976 na kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1994. Kundi lake, likiongozwa na Robert LeVine, lilikuwa na wanaanthropolojia, wanasaikolojia na madaktari wa watoto. Waliwalinganisha akina mama wa Kigusii na akina mama wa mtaa mmoja wa Boston. Waliona kwamba mama wa Kigusii humtuliza mtoto haraka na kumweka karibu na mwili, lakini huzungumza naye kidogo na kumtazama usoni kidogo kuliko mama wa Boston. Waandishi hawakuliita jambo hilo kasoro. Walilieleza kama mpango wa malezi wenye mantiki yake: kwanza mtoto aishi, kisha awe mtiifu.

Kazi hiyo ina thamani kubwa, na ukarimu wake wa fikra haukosi kusifiwa. Lakini kundi lililokuwa na taaluma nyingi halikumpa mtaalamu wa lugha nafasi ya kuuliza swali lake. Kama mama huzungumza kidogo na mtoto mchanga, mtoto huyo hupata lugha kwa nani? Jibu limo katika kazi hiyohiyo, ila limetajwa kama habari ya malezi tu: ni omoreri, yule dada au kaka mdogo anayebeba mtoto mchana mama anapolima. Neno lenyewe ni ndugu wa mlezi wa Kiswahili. Ekegusii kimehifadhi konsonanti zote mbili za shina, -rera; Kiswahili kimeipoteza ya pili katika -lea, ila imeacha alama katika z ya mlezi. Nasaba ni moja, lakini maana zimeachana. Mlezi wa Kiswahili aghalabu ni mtu mzima mwenye mamlaka, ilhali omoreri ni mtoto.

Tofauti hii ya maana ina uzito wa kinadharia. Inadokeza kwamba Ekegusii cha miaka ya kwanza ya mtoto kilipokewa kwa sehemu kubwa kutoka kwa watoto wengine. Ada ya madarasa ya chini ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 1974, na elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, omoreri alikwenda shule. Ni nani aliyeishika nafasi yake, na kwa lugha gani? Swali hili haliwezi kujibiwa na idara ya saikolojia peke yake, wala ya elimu, wala ya lugha. Watu wa kuulizwa wanaishi nusu saa kutoka lango la chuo.

5. Omobari

Mfano wa pili ni wa tiba. Abagusii wamejulikana kwa upasuaji wa fuvu la kichwa, unaofanywa na mtaalamu aitwaye omobari, hasa kwa mtu anayeumwa na kichwa kwa muda mrefu baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari waliandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1950. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi hospitali ya Mathari, alilieleza kwa kirefu mwaka 1967, katika makala ambayo kichwa chake kiliwaweka wapasuaji hao kati ya waganga wa tamaduni za kale zisizoendelea.

Kosa hapa ni zaidi ya dharau ya neno. Omobari alipoitwa mganga, aliingizwa katika kundi moja na mpiga ramli na mtoa dawa za uchawi, watu ambao Ekegusii huwaita kwa majina tofauti. Lugha ya wenyeji ilikuwa imekwisha kufanya uainishaji, na mtafiti akaufuta kwa tafsiri. Kitivo cha sayansi za afya kinachotaka kuichunguza tiba hii leo kitahitaji kwanza kujua istilahi za omobari mwenyewe: majina ya vifaa, ya sehemu za fuvu, ya aina za maumivu na ya dalili zinazomfanya akatae kupasua. Bila hizo, utafiti utayarudia ya mwaka 1967 kwa adabu zaidi.

6. Jiwe la Tabaka na Suala la Lahaja

Mfano wa tatu unagusa udhaifu ulio ndani ya taaluma ya lugha yenyewe. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, huchimbwa jiwe laini linalochongwa vinyago, bakuli na mapambo yanayouzwa duniani. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa sehemu hizo, ana sanamu ya ndege wa amani iliyowekwa makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe hili ni mali ya idara nyingi: jiolojia, sanaa, biashara, na hata afya, kwa sababu ya vumbi wanalolivuta wachongaji na wanawake wanaosugua vinyago.

Ekegusii kina lahaja kuu mbili, Rogoro ya kaskazini na Maate ya kusini. Iliyochukuliwa kuwa sanifu ni Rogoro, nayo ndiyo ya maandishi. Nyamira imo katika eneo la lahaja hiyo. Mugirango Kusini imo katika eneo la Maate. Kwa hiyo msamiati wa ufundi unaojulikana zaidi wa Abagusii umo katika lahaja isiyo na sauti kubwa vitabuni. Mwanaisimu anayekusanya maneno kwa mizani ya Rogoro atayakuta ya Tabaka kama makosa au tofauti za pembeni, na fundi wa jiwe hatajiona katika kamusi ya lugha yake. Wanaodai kwamba Ekegusii kimekwisha kuchunguzwa vya kutosha hawana budi kulijibu jambo hili.

7. Pingamizi

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba chuo kikuu ni cha taifa na cha dunia, na kukifunga katika mambo ya Abagusii ni kukirudisha kuwa chuo cha wilaya. Pingamizi hili lina ukweli. Lakini utafiti wa LeVine haukuwa wa wilaya kwa kuwa ulifanywa Gusii. Ulizungumza na saikolojia ya dunia nzima kwa sababu uliiangalia jamii moja kwa makini. Swali huwa dogo linapoulizwa ovyo, mahali popote pale.

Ya pili hutoka kwa walimu wa Kiswahili wenyewe: kwamba lugha ya taifa ina kazi zake nyingi, na kazi za Ekegusii ziwaendee wengine. Katiba ya mwaka 2010 haikubaliani na mgawanyo huo, maana kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na rasmi, na papo hapo kimeiagiza dola kukuza lugha za watu wa Kenya. Hata sarufi inaonyesha jinsi mambo haya yanavyohusiana. Neno egetabu limetoka katika kitabu cha Kiswahili, lakini limeitii kanuni ya Dahl: kiambishi eke- kimekuwa ege- mbele ya konsonanti sighuna t, ilhali katika jina Ekegusii k imebaki kwa sababu inafuatwa na g. Mwenye Kiswahili asiyeijua Ekegusii hataona jambo hilo. Mwenye Ekegusii asiyejua Kiswahili hataona neno limetoka wapi. Zaidi ya hayo, Kiswahili ni lugha ambayo matokeo ya utafiti wa Tabaka yanaweza kusomwa na mchongaji wa Umakonde, na ya omoreri yakasomwa na mwalimu wa Musoma.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuhesabu idara hakupimi nguvu za utafiti. Mifano ya omoreri, omobari na jiwe la Tabaka inaonyesha kwamba maswali mazito ya nchi hii hayakai ndani ya idara moja, na kwamba kila moja limepungukiwa pale lugha ilipoachwa nje au ilipofanywa kazi ya mkalimani. Mambo matatu yanahitajika. Mtafiti wa lugha awekwe katika mradi tangu unapobuniwa, asiitwe baadaye kutafsiri hojaji. Istilahi za mafundi na wataalamu wa jadi zikusanywe katika lahaja zote mbili, na majina ya wilaya zilikotoka yaandikwe. Na kila tasnifu juu ya Abagusii iwe na muhtasari wa kutosha kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, utakaowekwa mahali ambapo waliohojiwa wanaweza kuupata.

Baraza lililotoa ekari 61 halikuuliza ardhi hiyo ingezaa idara ngapi. Chuo kinachojieleza kwa idadi ya idara zake hakijaanza bado kuwajibu waliotoa ardhi hiyo.