Mary Wells Alianzia Kwenye Ndege Yenyewe

Braniff, shirika la ndege la Marekani, lilipomwendea Mary Wells mwaka 1965, lilitaka matangazo. Wells, wakati huo akiwa katika wakala wa matangazo wa Jack Tinker and Partners mjini New York, hakuona la kusifia. Ndege za mashirika yote zilifanana, na wahudumu walivaa kama askari. Akashauri ndege zibadilishwe kwanza.

Mbunifu Alexander Girard akazipaka rangi, kila ndege na yake: hii ya chungwa, ile ya feruzi, nyingine njano ya limau. Mbunifu wa mavazi Emilio Pucci wa Italia akabuni sare za tabaka ambazo mhudumu alizipunguza moja moja safarini. Ndipo tangazo likaandikwa, likisema enzi ya ndege zisizo na mvuto imekwisha. Ufundi uko hapo: kila ndege iliyotua ilikuwa bango, na mpita njia aliyeinua macho alishaliona. Doa ni kwamba tangazo la sare zile liliwafanya wahudumu wa kike sehemu ya bidhaa.

Kwa Alka-Seltzer, dawa ya tumbo, alifuata njia hiyohiyo. Wanywaji walizoea kidonge kimoja. Matangazo yakaanza kuonyesha viwili vikitumbukia kwenye glasi, na pakiti ndogo za vidonge viwili viwili zikaingia madukani. Matumizi yalibadilika, na mauzo yakafuata.

Pamoja na hayo, mabosi wake walimnyima cheo cha rais wa wakala. Walikuwa tayari kumpa madaraka yake, si jina. Aprili 1966 akaondoka na wenzake Richard Rich na Stewart Greene, wakaanzisha Wells Rich Greene, na Braniff ikawafuata. Kampuni yake ilipoingia Soko la Hisa la New York, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mtendaji mkuu wa kampuni iliyo katika soko hilo. Alipoolewa na Harding Lawrence, rais wa Braniff, aliiacha kazi ya shirika hilo na kuchukua ya TWA, shirika jingine la ndege.

Kipaji hichohicho kiliuza sigara ndefu za Benson & Hedges, zikichekesha kwa kunaswa kwenye milango ya lifti. Ustadi ule ulistahili bidhaa isiyoua.

Mwaka 1977 ilikuwa zamu ya jimbo la New York, ambalo jiji lake kubwa lilikuwa limeponea chupuchupu kufilisika na wageni wakiliogopa kwa uhalifu. Mchoraji Milton Glaser alichora nembo yenye moyo mwekundu. Matangazo ya televisheni hayakubishana na hofu hiyo; yaliwaleta waigizaji wa kumbi za maonyesho za Broadway, wakiimba mbele ya kamera kile ambacho mgeni angekuja kukitazama.