Kuvaa Nguo Ukingoni

Methali iliyonitafuna zaidi ni moja: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwaka nilioanza kupunguza mwili ilikuwa wakili wangu. Nimeshakula andazi moja, siku imeharibika, basi matatu yaliyobaki yana kosa gani? Usiku, kwenye meza ya poka, ilinijia tena: nimeshaweka dau, nimeshalipa kuiona karata ya nne, sasa niache vipi? Nalipa na ya tano. (Poka nayo ina chipsi zake, ila hizi hukondesha mfuko.)

Ufundi ninaousifu hapa ni wa kuvaa nguo tena ukiwa umeshazivua, miguu imeshalowa.

Katika Texas Hold'em unapewa karata 2 za siri, kisha 5 zinafunuliwa mezani kwa wote. Penye wachezaji 9, fundi hutupa zake karibu mara nne katika kila tano, hata kabla ya kuona moja ya mezani. Jozi ya ree huja mara 1 katika kila migao 221. Kama saa moja ina migao 30, hizo ni saa saba hivi za kushika takataka, saba ya kopa na mbili ya pau, huku wenzako wakicheka na kuchota. Anayeweza kukaa hivyo bila kujipoza kwa mkono mbovu ameshajua kupita mbele ya kikaango cha chipsi mayai saa mbili usiku.

Hata hizo ree, zikiingia vitani dhidi ya jozi ya wafalme, hushindwa karibu mara 1 katika 5. Mizani hufanya ukorofi huohuo: jana umekula mchicha na samaki, leo umeongezeka nusu kilo. Ni maji tu, chumvi ya yule samaki. Anayekasirika asubuhi hiyo hurudi kwenye maandazi; mchezaji aliyekasirika hulipia kila karata.

Mwaka 2017 ndugu wawili wa Kanada, Jaime na Matt Staples, wachezaji wa poka, waliwekeana dau na mcheza poka mwenzao, Bill Perkins. Mmoja alizidi kilo 135, mwenzake hakufika 70. Ndani ya mwaka mmoja uzito wao usipishane zaidi ya pauni moja, chini ya nusu kilo. Mwaka 2018 walishinda dola 150,000. Watu humsifu yule mnene. Mimi namfikiria zaidi mwembamba, aliyelazimika kula bila njaa. Maana nilipozoea kutupa karata, nilinogewa na kutupa. Madau ya lazima, yale unayoweka kwa zamu hata kabla ya kuona karata zako, yakawa yananizunguka na kunimega taratibu, na siku ree zilipokuja niliweka hela kidogo, kwa woga, kama mgonjwa anayeonja uji kwa ncha ya kijiko.