Punje ya Haradali

Hadithi ya Kisa Gotami, katika mapokeo ya Kibudha, niliisoma Mbamba Bay mwaka ule nilipomzika mwanangu. Mama huyu anambeba mtoto aliyekufa, akitafuta dawa. Buddha anamtuma alete punje ya haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Haradali anaipata kila mlango. Nyumba hiyo haipati.

Uzuri wake ni kwamba Buddha haanzi kwa kuhubiri. Anamwacha mama atembee mwenyewe.

Lakini niliiona pungufu. Kwetu, kuanzia Mbinga mlimani hadi ufukweni Nyasa, mfiwa hazunguki. Majirani ndio huja, wakalala naye mkekani. Gotami yuko peke yake.

Matanga yalipoanuliwa, mikeka ikakunjwa. Hapo ndipo nilipomwelewa Gotami, nikaanza kubisha hodi.