Kitufe cha 'hariri' kinasema nini, na kimekaa wapi?

UKIFUNGUA makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwenye kompyuta, utaliona neno 'hariri' juu ya ukurasa, kisha utaliona tena kando ya kila kichwa kidogo. Neno ni lile lile ila kazi ni mbili. La juu linafungua ukurasa mzima. Lililo kando ya 'Historia' au 'Jiografia' linafungua sehemu hiyo pekee.

Sasa msomaji anajuaje tofauti? Tungekuwa tunazungumza, tungesema 'uhariri ukurasa wote' au 'ihariri sehemu hii', na kiambishi cha mtendwa kingemaliza kazi. Kitufe ni kidogo, hakina nafasi ya maneno hayo. Kwa hivyo u- na i- zimeachwa, na mahali kitufe kilipowekwa ndipo panapotuambia kinachohaririwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupanga vitufe si kazi ya mafundi wa tovuti peke yao. Ni suala la sarufi pia.

Ithibati ipo. Hadi 2013, katika Wikipedia ya Kiingereza viungo hivi vilikaa ukingoni kabisa upande wa kulia, mbali na vichwa vyake. Kwenye skrini pana jicho lilisafiri safari ndefu. Fauka ya hayo, picha zilipopangwa upande huo huo, viungo vilisukumwa chini vikarundikana pamoja, usijue kipi ni cha sehemu gani. Mwaka huo vikasogezwa hadi ubavuni mwa kichwa. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini maana ilirudi.

Lakini kuna pengo. Aya ya kwanza ya makala haina kichwa kidogo, basi kwa kawaida kwenye kompyuta haina kiungo chake. Chukua makala kuhusu kaunti ambayo aya hiyo bado inamtaja gavana aliyeondoka 2022. Anayetaka kubadilisha jina moja tu inambidi apande juu, afungue ukurasa mzima, aanze kutafuta. Aya isomwayo na wengi kuliko zote ndiyo iliyonyimwa mlango wake!

Kisha lipo hili la 'hariri chanzo', lililobanwa kando ya 'hariri' kwa kijistari. Hapa mtendwa ametajwa, na ndiyo yamkini balaa. Kwa Mswahili, chanzo ni asili au sababu ya jambo. Mwanafunzi atadhani anaalikwa kurekebisha marejeleo, au mwanzo wa makala. Akibonyeza, anakutana na mabano na alama za usawa, maana kilichokusudiwa ni matini pamoja na alama zake za kompyuta. 'Hariri kwa alama' lingemwonya mapema.

Neno 'hariri' lenyewe nalo lina uzito wake. (Tuache utani wa wanaosoma 'Historia hariri' wakawaza kitambaa.) Kwetu sisi mhariri ni mtu wa afisi, mwenye cheo, na tahariri ni sauti ya gazeti. Mwalimu wa Busia anayeijua historia ya soko la kwao anaweza kuliona neno hilo akadhani haliambiwi yeye. 'Rekebisha' lingemkaribisha, ijapokuwa halibebi vyema maana ya kuongeza.

Cha ajabu, mwaliko mzuri umo mle mle. Makala fupi huwekewa tangazo kwamba bado ni mbegu, likimuuliza msomaji kama anajua kitu zaidi na kumwomba aongeze. Hicho ni Kiswahili cha watu, na 'mbegu' ni tafsiri ya kupigiwa mfano. Ila tangazo hilo limetupwa chini kabisa, baada ya yote, ambako wasomaji wengi hawafiki. Lisogezwe juu, chini tu ya aya ile isiyo na kitufe.