Heko, Mahakama ya Wilaya Muleba

Majaji husifiwa sana, mahakimu wa wilaya mara chache. Mimi leo nampongeza hakimu wa Muleba.

Mwaka 1984 Bunge liliingiza haki za binadamu katika Katiba, kisha likaipa Serikali miaka mitatu ya kujiandaa. Kuanzia Machi 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Sheria ya mpito iliwapa mahakimu na majaji rungu kubwa: kuisoma sheria ya zamani na kuirekebisha mpaka ilingane na Katiba.

Agosti mwaka huohuo, mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bei, shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki: kwa tangazo la sheria za mila la 1963, mwanamke alikula matunda ya ardhi ya ukoo, kuuza hapana. Mahakama ya Mwanzo Kashasha ikabatilisha mauzo. Kwa mila ilivyoandikwa, haikukosea.

Rufaa ikaja Muleba, na hakimu akasema Katiba imefuta ubaguzi huo. Hakuwa na hukumu ya kuigiza, na ukoo ulikuwa unamtazama. Wakati huo wapo majaji wa ngazi za juu waliokuwa bado wanazikwepa haki hizo.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikubaliana naye, na hukumu hiyo ikasomwa mbali, hata nje ya Afrika. Jaji alistahili sifa zake zote. Lakini njia ilifyekwa Muleba, kwenye migomba.