Maji ya Mvua kwa Kombi Kuukuu

Kombi zilizobeba watalii wa miaka ya 1970 hazikuwa na rejeta. Injini ilikaa nyuma, ikapozwa kwa upepo wa feni basi, na dereva aliyeteremka nayo kutoka Kericho hadi Kisumu alibeba maji ya kunywa tu. Mwaka 1979 Volkswagen ikatoa kombi ya kizazi cha tatu, ile yenye umbo la sanduku, na mwishoni mwa 1982 ikaanza kuitia injini ya petroli inayopozwa kwa maji. Injini haikuhama, ilibaki palepale nyuma. Rejeta ndiyo iliyowekwa mbele kabisa, nyuma ya taa, na kati ya viwili hivyo yakapitishwa mabomba mawili marefu chini ya sakafu. Humo hukaa maji zaidi ya lita 15, yakisafiri urefu wa gari zima kwenda na kurudi, na kila mahali yanapopanda kidogo au kupinda, hewa hupata pa kujificha.

Magari hayo bado hupita Kisumu. Ujerumani iliacha kuyaunda mwanzoni mwa miaka ya 1990, Afrika Kusini ikaendelea mpaka 2002, na siku hizi wanaoyaendesha ni watu wanaolala ndani yake, wanaoingia kupitia Busia wakielekea Nairobi, au wanaotoka Tanzania wakielekea Uganda. Hulaza gari ufukweni Dunga siku mbili tatu, wakala samaki, wakatafuta viboko kwa mashua, kisha wakaanza kuulizia fundi. Wakiwa na bahati huletwa kwa mzee mmoja wa jua kali ambaye vijana wote wanamwita Jaduong'. Nilikaa kwenye benchi lake nikamtazama akimwaga maji ya kombi ya namna hiyo na kuijaza upya. Kazi ambayo wengine huimaliza kwa nusu saa, yeye ilimchukua kutwa nzima, na hapakuwa na saa hata moja aliyoipoteza.

Kwanza hakufanya lolote. Gari lilikuwa limetoka barabarani, na yeye hafungui injini ya moto. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakitoa, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliufungua mlango wa hita mpaka mwisho, ingawa Kisumu hakuna mtu anayewasha hita, kwa kuwa maji machafu yaliyolala ndani ya hita hayatoki ukiyasahau, na yakibaki huja kuharibu maji mapya. Ndipo akalala chini ya gari, akalegeza klipu ya mpira wa chini, akafungua na boliti za pembeni mwa injini ambazo wengi hawajui hata kama zipo. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyakinga yote kwenye karai.

Kisha akachovya vidole viwili, akasugua, akanionyesha. Hiki chekundu ni kutu. Hiki cheupe ni chumvi ya maji ya kisima. Na hivi vipande vinavyometameta ni dawa ya kuziba uvujaji, mtu aliimimina humu badala ya kubadilisha mpira. Alikuwa akiwasoma mafundi wote waliowahi kuligusa gari lile, nchi baada ya nchi, na hakumtukana hata mmoja. Alisema tu, "Walikuwa na haraka." Akaanza kuisuuza injini kwa maji safi, mara kutokea mbele, mara kutokea nyuma, mpaka yaliyotoka yakafanana na yaliyoingia.

Sisi tuliokulia pwani hii ya ziwa tulijifunza habari za rejeta tukiwa watoto, ndani ya mabasi. Ukitoka Kisumu kwenda Kericho, uwanda wa Ahero na Awasi ni tambarare na basi hukimbia kwa furaha. Halafu mlima unaanza. Injini inabadili sauti, abiria wananyamaza, na macho ya dereva hayatoki kwenye geji ya joto. Nyuma ya kiti chake palikaa mtungi wa maji wa lita ishirini, na hakuna aliyethubutu kunawia mikono maji yake. Mshale ukifika pale pabaya, basi liliegeshwa kando, taniboi akaruka na gunia mkononi.

Gunia hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mlima wenyewe. Lililoweshwa kwanza. Akalitandika juu ya kifuniko cha rejeta, akageuza uso pembeni, akazungusha robo mzunguko tu, akasubiri. Mvuke ulitoka ukipiga mluzi, na watoto tulioshuka tulikatazwa kusogea. Sauti ilipopungua akazungusha tena kidogo, akasubiri tena. Hakumimina maji baridi ndani ya injini iliyochemka, maana chuma cha moto kikipigwa na baridi hupasuka. Alisubiri kwanza, akawasha injini, kisha akayatia kidogokidogo, yakichanganyika na yaliyomo. Abiria wakala mahindi ya kuchoma, mama fulani akanyonyesha, na hapana mtu aliyepiga kelele kwamba anachelewa. Taniboi yule huenda hakumaliza hata darasa la saba, lakini alijua kwa mikono yake kwamba maji huchemka mapema kadiri unavyopanda. Hapa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Kericho, juu ya mita 2,000, hayafiki hata 94. Kifuniko kinachobana vizuri ndicho kinachoyazuia yasichemke, na ndiyo maana yeye alikiheshimu.

Maarifa hayo yana ukoo. Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na garimoshi la mvuke ni chombo kinachokunywa maji kutwa. Maji mabaya yakiingia kwenye bwela huacha magamba, magamba yakazuia joto, na chombo kikafa kabla ya siku zake. Mafundi wa reli na wa gati, Makalasinga wengi miongoni mwao, walijua kuwa maji yana tabia. Wakawafundisha vijana wa hapa, vijana hao wakatoka wakafungua karakana zao chini ya miti. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipotoa taarifa yake maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, wasomi wakashangaa kukuta uchumi mzima umekaa juani, unafua na kuchomelea. Jaduong' alijifunza kwa mtu aliyejifunza kwa mtu wa reli.

Ndiyo maana hatumii maji yoyote yale. Ya visima vya uwanda wa Kano hayataki, yana chumvi, na ukitaka ushahidi tazama utando mweupe ndani ya birika. Ya mfereji huyachukua kwa kusuuzia tu. Ya ziwa ni laini, hayana chumvi nyingi, lakini ghuba letu halina kina, na mito ya Nyando na Sondu huliletea tope la milimani mwaka mzima. Kwa kujazia yeye ana pipa la maji ya mvua. Nyuma ya kibanda pana mfereji wa bati unaoteremka hadi kwenye pipa lenye mfuniko, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi haiachi iingie. Huigeuzia pembeni mpaka bati lioshwe vumbi na mavi ya ndege. Mvua ya pili ndiyo anayoikinga, akaichuja kwa kitambaa cheupe. Kisumu hupata mvua zake nyingi alasiri na jioni, mawingu yakijikusanya kwa ghafla, na vijana wa karakana za jirani wakikimbilia ndani yeye hukimbilia nje kwenda kutazama pipa.

Maji hayo huyachanganya nusu kwa nusu na kulanti, na kulanti yenyewe huichagua kwa kusoma maandishi ya chupa akiwa amevaa miwani. Hanunui kwa rangi. Vichwa vya injini ile ni vya alumini, na ukingo unaokalia mpira wa kuzuia maji huliwa polepole na maji matupu mpaka uvuje. Baridi ya kugandisha hatuna, hivyo watu husema kulanti ni ya Wazungu. Kumbe kazi yake kubwa kwetu ni kuilinda alumini isiliwe.

Halafu kukaja kutoa hewa, na hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Aliinua pua ya gari kwa jeki, akayasukumia magurudumu ya mbele juu ya vipande vya mataruma ya reli, maana hewa hupanda, na kama rejeta haiko juu kuliko vingine vyote, hewa itapanda mahali pengine. Akafungua skrubu ndogo iliyo juu ya rejeta. Akamimina kutokea nyuma, taratibu, kikombe baada ya kikombe. Kijana akawasha injini, akashikilia mafuta kwa kiasi. Jaduong' akapiga magoti mbele, mkono mmoja kwenye skrubu, mwingine kwenye mpira. Akaubana, akauachia, akaubana tena, kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemzoea. Skrubu ikatema povu. Ikatema maji. Nikadhani tumemaliza. "Bado," akasema, na kweli ikatema povu tena. Alirudia hivyo mpaka jua likahama upande wa pili wa kibanda. Yalipotoka maji matupu, uzi mmoja usiokatika, ndipo akafunga. Akaizima injini, akaiacha ipoe kabisa, akaongeza maji yaliyopungua, akaanza upya tangu mwanzo.

Hewa iliyobaki humo haina kelele. Gari litaondoka vizuri, litapita Ahero vizuri, na kule mlimani kipovu kitajikusanya juu ya kichwa cha injini, mahali penye moto mkali kuliko pote, na chuma pale kitakosa maji. Geji inaweza isionyeshe kitu, kwa kuwa inapima joto la maji, na maji hayapo. Fundi aliyemaliza kwa nusu saa atakuwa ameshalipwa, yuko kwake.

Lile karai la maji machafu alilifunika kwa bati na kuliwekea jiwe juu. Kulanti ina utamu, na mbwa au mtoto akiionja ni sumu inayoua figo. Jioni aliimimina kwenye mitungi anayoiweka kando pamoja na oili chafu. Sasa tembea karakana nyingine za mjini uone. Inamwagwa kwenye mtaro, mtaro unaingia Kisat au Auji, na mito hiyo haiendi mbali, inaishia ziwani, kwenye maji tunayoyavuta Dunga tukayasafisha tukayanywa. Miaka nenda miaka rudi tumeingiza magari ufukweni tuyaoshee mlemle ziwani, oili ikatandaa, na huku tukiyalaumu magugu maji peke yake.

Magari mapya yamezidi kututoa adabu. Mengi hayana hata tundu la kumwagia maji. Rejeta yake ni alumini yenye vichwa vya plastiki, ikipasuka haichomelewi, inatupwa. Zile za shaba za Peugeot 404 na Bedford, ambazo fundi alizifungua kwa moto, akapitisha fimbo nyembamba katika kila mrija, akazifunga tena kwa risasi zikaishi miaka kumi mingine, zimeuzwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, nilitumaini chache zingesalia. Mwaka huohuo biashara ikafunguliwa, na zikaendelea kwenda.

Nilimuuliza Jaduong' anatoza kiasi gani kwa kutwa ile. Akataja bei ya kulanti na ya klipu mbili. Na kazi je? Akasema mteja hulipia kipuri bila maneno, kwa sababu anakiona, lakini kusubiri hataki kukulipia. Alikuwa na vijana wawili. Wa kwanza alienda kuendesha bodaboda mwaka jana, na wa pili, yule aliyeshikilia mafuta siku ile, mjomba wake ameshamnunulia pikipiki. Siku hizi anayekaa ndani kushikilia mafuta ni mwenye gari mwenyewe, akikubali. Wengi hutazama simu, wakauliza kama haiwezekani kumalizia hapo, naye huwaambia haiwezekani, wakachukua gari lao wakampelekea mwingine.