Kinywa cha Pili Jukwaani

Kwenye mikutano ya injili katika kambi ya Nakivale, jukwaani husimama watu wawili. Wa kwanza ni mhubiri, ambaye picha yake imekuwa kwenye bango tangu wiki iliyopita. Wa pili husimama karibu na bega lake, ameshika kipaza sauti chake, na bango halimtaji popote. Mimi humtazama huyo wa pili, kwa sababu kazi yake naiona ngumu kuliko ya mwenzake, na wanaoijua vizuri huifanya kwa uzuri unaonistaajabisha kila mara.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, upande wa kusini wa Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Mjini Mbarara Wakatoliki wana kilima chao cha Nyamitanga, Waanglikana wana Ruharo, na lugha inayotawala huko ni Kinyankore cha wenyeji. Mkongo aliyefika juzi akipanda Nyamitanga, misa ataifuata hata kama lugha hiyo haijui, maana mpangilio wake anaujua tangu kwao Uvira. Mahubiri ya uamsho hayana mpangilio huo. Mhubiri huenda anakosukumwa, hurudi nyuma, hulia, huimba nusu ya ubeti, kisha husimulia habari ya mama yake. Hapo msikilizaji hana pa kushika isipokuwa mkalimani.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye pumzi. Mhubiri mgeni humwaga maneno kwa mkupuo, akasahau kwamba kuna mtu anayemsubiri. Mkalimani mwanagenzi humwacha amalize, halafu hutoa muhtasari, na watu wanajua wamepunjwa. Fundi hafanyi hivyo. Huingia mapema kidogo, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mhubiri anajifunza kukata maneno yake bila kuambiwa. Baada ya muda wanakwenda kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka, na hakuna anayegonga wa mwenziwe.

Kisha kuna andiko. Mhubiri akisoma aya kwa Kiingereza, mkalimani dhaifu huitafsiri palepale kwa maneno yake mwenyewe. Hapo huwanyima watu maneno waliyoyakariri tangu utotoni. Fundi huiachia Biblia ya wasikilizaji iseme. Na Nakivale hilo lina ugumu wake, kwa kuwa aliyelelewa kwa Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 na aliyelelewa kwa Biblia ya Kiswahili cha Kongo hawakukariri maneno yaleyale. Inabidi ajue ni Biblia ipi iko mapajani mwa watu wa mbele. Akiipata, atasema nusu ya aya tu. Akina mama wataimalizia wenyewe, naye atanyamaza wamalize. Mhubiri asiyejua Kiswahili hushangaa kusikia mkutano mzima ukinena kabla hajafika mwisho wa mstari.

Lakini jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni ushuhuda. Mhubiri akisema alikuwa mlevi na mpiga mkewe, mkalimani hasemi "anasema alikuwa mlevi." Husema, "Nilikuwa mlevi. Nilimpiga mke wangu." Huyasema mbele ya majirani zake, mbele ya watoto wake, pengine mbele ya mke wake mwenyewe. Huibeba aibu isiyo yake kwa sauti iliyonyooka, bila kuilainisha na bila kuitia chumvi. Mhubiri akilia, yeye halii. Sauti hushuka kidogo, maneno yanabaki wazi, kwa maana akilia naye hakuna atakayesikia kilichomliza mwenzake.

Ukiutazama Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la Kikristo, kwa jicho hili, unaona umetegemea ufundi huo tangu mwanzo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana kilimani Namirembe wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka Gahini moto ulifika Kabale nchini Uganda mwaka 1935, ukaenea Kigezi na Ankole, mwaka 1937 ukaingia Kenya, ukavuka pia Tanganyika. Kiini chake kilikuwa kuungama waziwazi mbele ya ndugu, yaani kutembea nuruni. Lakini ungamo la Mnyarwanda haliwezi kumgusa Mkikuyu mpaka mtu wa tatu alipitishe kinywani mwake. Vitabu vimehifadhi majina ya waliohubiri. Waliosimama kando yao, wengi wao hatuwajui.

Mmoja tunamjua. Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 Rujumbura nchini Uganda, katika jamii ya wafugaji, na lugha yake ya nyumbani ilikuwa jamaa ya hiki Kinyankore cha Mbarara. Miaka ya 1940 alihamia Dodoma, Tanganyika, kufundisha shule, akaishi huko miaka mingi mpaka Kiswahili kikamkaa. Mwaka 1960 mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri katika mji wa Moshi, hukohuko Tanganyika, aliyesimama kumtafsiria kwa Kiswahili alikuwa mwalimu huyu. Graham alikuwa na mwendo wa kasi na sentensi zinazopanda kama ngazi. Kumfuata kulihitaji mtu mwenye Biblia nzima kichwani na asiyetaka kuonekana. Baadaye Kivengere akawa mhubiri wa mataifa na, mwaka 1972, askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, alikimbia Uganda ya Idi Amin kwa miguu mpaka Rwanda, naye akawa mkimbizi. Wanaomsifu huanzia kwenye mahubiri yake. Mimi ningeanzia Moshi, maana naamini mtu akishajifunza kuyabeba maneno ya mwingine bila kujitanguliza, na ya kwake huyasema kwa unyenyekevu uleule.

Nakivale wakalimani wengi ninaowaona ni vijana, wavulana kwa wasichana, waliofika wadogo na kusomea Kiingereza katika shule za Uganda huku nyumbani wakizungumza Kiswahili. Hakuna chuo kilichowafundisha. Walianza kwa kumtafsiria mama yao kwenye zahanati, kisha mchungaji akawaita mbele. Malipo yao mara nyingi ni soda.

Na kazi yao haiishi mkutano unapofungwa. Mhubiri hupanda gari akarudi Mbarara jioni hiyohiyo. Msichana aliyemtafsiria hubaki, na watu humfuata yeye: dada, pale aliposema kusamehe, alikuwa na maana hata waliotuchomea nyumba? Yeye hawajibu kwa maneno yake. Hufungua Biblia, hutafuta aya iliyosomwa, huwasomea tena taratibu, halafu hurudia alichosema mhubiri, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, na kuhusu lililozidi hapo huwaambia wamngoje mhubiri arudi, wamuulize mwenyewe.